Ubeti wa Kaka Mtu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wanamuziki, wazazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi vijana mliojibanza ukutani kana kwamba viti vya mbele vina miiba: nawasalimu nyote.

Mimi si mwanamuziki. Ni fundi cherehani, na mwimbaji tunayezindua albamu yake leo ni mtoto wa marehemu dada yangu. Yeye na kaka yake niliwalea mimi, na bendi yao ilizaliwa kwenye chumba changu cha kushonea, katikati ya majora ya vitambaa. Mimi nakanyaga cherehani, wao wanafuata mapigo yake. Nikisimama kutunga uzi, na wimbo unasimama. Nani kati yenu amewahi kuwa na mpiga ngoma anayepokea oda za sare za shule?

Halafu mdogo mtu akasema anataka kuimba peke yake. Kaka mtu, kiongozi wa bendi, akanuna. Mdogo naye akakaza shingo. Miaka miwili hawasemeshani! Huyu akiingia kwangu kwa mlango wa mbele, yule anatokea uani, mimi nabaki na vikombe vya chai mkononi. Niliumia, sitaficha.

Sasa sikieni. Mwaka huu mdogo mtu alikuja na vinasa sauti vyake, akaniambia, "Mama mdogo, kanyaga kama zamani." Hayo mapigo mnayoyasikia kwenye wimbo uliobeba albamu, "Amani Iingie Ndani", ni cherehani yangu. Na aliimba vizuri mpaka mkasi ukanidondoka! Nyimbo nyingi za amani zinahubiria mataifa yasiyotujua. Huu unaanza na mtu anayeogopa kugonga mlango wa ndugu yake. Kuimba hivyo kunataka moyo, na mwanangu anao.

Lakini aliponisikilizisha wimbo mzima, ubeti wa pili ulipoisha sauti yake ilikatika, ikabaki cherehani tupu. Nikamuuliza, "Mbona hapa huimbi? Umesahau maneno?"

"Sijasahau, mama mdogo. Hapo ni pa kaka. Wenye studio walitaka nipajaze, nikakataa."

"Na asipokuja?"

"Patabaki hivyo hivyo."

Basi albamu imetoka na pengo lake. Nasikia wengine wanasema fundi mitambo alisinzia. Hakusinzia mtu.

Na wewe, mwanangu mkubwa, uliyekaa safu ya tatu ukijifanya unasoma ratiba: nimekuona. Sikulazimishi useme neno na mdogo wako mbele za watu. Ila cherehani yangu ile pale jukwaani, na vipaza sauti nimeomba viwekwe viwili.

Mheshimiwa, ndugu wageni, asanteni kwa masikio yenu; msiyafunge bado, naenda kukanyaga. Mwanangu mkubwa, ubeti wa pili ukiisha, usiniache nikanyage peke yangu.