Kura ya Sabuni

Ndani ya basi, mwanamume mwenye suti mpya alijifanya amelala, lakini sikio lilikuwa kiti cha mbele, kwa mama mpishi wa kantini ya kiwanda na mama mlinzi wa geti.

"Si mkurugenzi alituomba mwenyewe?" mpishi alikuwa akifoka. "Eti akili ya wengi haikosei, kila mfanyakazi aandike kama sabuni mpya itashika soko. Watu mia mbili na kumi tukaandika haishiki."

"Na mmoja akaandika itashika."

"Kwa kalamu ya kijani! Nani mwingine ana kalamu ya kijani kama si mkurugenzi?"

Mlinzi akacheka. "Mimi nakaa getini, mwenzangu. Malori yanatoka yamejaa, yanarudi yamejaa. Niandike nini?"

"Sasa anasema hatujui kubashiri. Ameajiri mtaalamu wa kutufundisha, anaanza leo, halafu Ijumaa tupige kura upya."

"Maskini wa Mungu. Akiwa na akili atashuka kituo kimoja kabla ya chetu."

Mwenye suti akaipapasa barua ya ajira mfukoni. Basi likapunguza mwendo, likasimama, mlango ukafunguka. Wale wanawake wawili hawakuinuka.