Jiwe la Mpaka Lina Miguu

Kula kiapo kwanza kwamba hutamwambia mtu. Mimi nilimwapia mke wa Mtaji, yule mwenye duka la saruji, kuwa siri yake nitazikwa nayo. Lakini kaburi lenyewe linachelewa, na wewe si mtu baki. Basi sikia: lile jiwe la mpaka linalotambaa kila siku ndani ya uwanja wetu wa kuanikia nguo, anayelitambaza ni mumewe. Anataka stoo. Hungoja mashuka yaning'inie, asionekane. Nilimnong'oneza mmoja tu, Dobi, mtoto wa marehemu dada yangu, maana kamba za kuanikia ni zake. Kisha nikaketi benchi la kahawa, pembeni mwa uwanja huo huo. Mtaji alikuwa anasomesha watu.

— Matajiri wa kwanza duniani walijinyima, jamani. Mtu anaruka chakula cha mchana miaka kumi, ananunua mashine.

— Mimi naruka hata cha usiku, akasema Soli, fundi viatu. Mashine yangu iko wapi?

Redio, kondakta mstaafu, akadakia:

— Kabla ya pesa ilikuwa kubadilishana tu. Ukitaka kunyolewa, unakwenda na kuku. Kinyozi hapendi kuku? Unazikwa na ndevu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!

— Methali hiyo imeingiaje?

— Imepita njia tu.

— Kwani majirani hawakukopeshana kwa kuaminiana, wakalipana wakati wa mavuno? nikauliza.

— Bibi, kunywa kahawa, akasema Mtaji. Ardhi nayo ilikaa bure. Cha wote si cha mtu. Mwenye akili akazungusha uzio, nchi ikaneemeka.

Dobi alikuwa anaanika, kapu kiunoni.

— Samahani, baba. Waliokuwa wakichunga pale kabla ya uzio, walikwenda wapi?

Hata Redio akazimika.

— Viwandani, akasema Mtaji. Kwa hiari yao.

— Wakiimba? akauliza Soli.

— Mimi siendi, akasema Dobi. Kamba hizi alizifunga mama yangu.

Mtaji akainuka, eti anakwenda kujisaidia, akapotelea nyuma ya mashuka. Punde tukasikia mguno kama wa mzazi aliyeshikwa na uchungu. Nikamkonyeza Dobi. Akachomoa vibanio viwili, shuka likaanguka.

Huyo hapo! Kachuchumaa, magoti udongo mtupu, kalikumbatia jiwe kifuani. Mlangoni mwa duka mkewe akajifunika uso.

— Nilikuwa... nalinyoosha.

— Usilitue, baba, akasema Dobi. Simama nalo. Lirudishe lilikokuwa, sisi sote tuko nyuma yako.