Umeme wa Kwenda Salalah

Benchi letu la Wadi Kabir, hapa Muscat, si benchi hasa. Ni kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu, kikaegemezwa ukuta wa gereji, mkabala na nyumba yetu. Kivuli kinakifikia saa kumi za jioni, na wenyewe wanafika saa kumi na dakika moja. Wa kwanza ni Mzee Amur, tunayemwita Fyuzi. Alikuwa akisoma mita za umeme Unguja, lakini ukimsikiliza utadhani umeme wa Unguja aliuleta yeye. Wa pili ni Mahfoudh, jina lake la kijiweni Ziwa, kwa sababu kazaliwa Mwanza na kila jambo la dunia lishawahi kutokea Mwanza. Wa tatu ni babu yangu, Marhoon, dereva wa lori la kwenda Salalah, kusini kabisa mwa Oman. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, macho ya bibi yalipoanza kufifia, kwa hivyo jioni nakaa dirishani nikishona kofia, na kahawa yao naitoa mimi. Haya niliyasikia Jumanne ya mwisho ya Agosti, mwaka 2001.

Siku hiyo babu hakuwa benchini. Alikuwa juu ndani ya lori lake, limeegeshwa hapo mbele, anafunga inveta, lile sanduku linalougeuza umeme wa betri ukawa umeme wa nyumbani. Miaka mitatu bibi yangu, Nasriya, anaomba kitu kimoja tu: apelekwe Salalah aone khareef, ile mvua ya rasharasha inayoyavisha majabali majani. Mwezi uliopita daktari wa macho alimwambia, kama kuna kitu anataka kukiona, akione kabla ya baridi kuingia. Khareef ilikuwa imebakiwa na wiki tatu. Lori lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri.

Fyuzi: Marhoon! Waya mwekundu umeutia kwenye chanya?

Babu (kutoka juu): Nshautia.

Fyuzi: Na mweusi?

Babu: Kwenye hasi. Mie si mtoto, Amur.

Fyuzi: Nauliza tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ziwa: Betri za lori ziko ubavuni. Huo mvungu umetoka wapi?

Fyuzi: Methali haitazami betri iko wapi, bwana.

Jambo lenyewe lilianza dogo. Dawa ya macho ya bibi inataka baridi, na njia ya Salalah ni jangwa la kilomita elfu. Babu akanunua friji ndogo. Akaona feni nayo inafaa. Akakumbuka kuwa bibi hali chakula cha njiani, akaongeza jiko la wali la umeme. Kisha birika, kwa sababu bibi bila ya chai ya tangawizi kichwa kinamuuma. Kisha pasi, kwa sababu hatoshuka Salalah mbele za watu na nguo zilizokunjana.

Fyuzi: Tupige hesabu. Friji wati mia. Feni hamsini. Jiko la wali mia sita. Pasi elfu na mia tano. Birika elfu. Na sanduku lako linabeba ngapi?

Babu: Elfu moja.

Fyuzi: Elfu moja! Yakhe, unampakia punda mzigo wa ngamia.

Babu: Kwani ntaviwasha vyote pamoja? Kimoja kimoja.

Fyuzi: Haba na haba hujaza kibaba.

Ziwa: Mimi naiogopa pasi. Pasi ndiyo inayokula kuliko vyote. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako.

Fyuzi: Hapo umesema kweli.

Ziwa: Mwanza kulikuwa na dereva wa basi la Musoma, alikuwa anapika maharage kwa umeme wa basi. Nawaambia kitu nilichokiona. Likipanda mlima, maharage yanachemka. Likishuka, yanapoa. Walifika Bunda nusu yameiva, nusu mabichi, sufuria moja.

Fyuzi: Si ajabu. Umeme wa gari ni umeme wa safari, si sawa na wa ukutani. Wa ukutani umekaa, umetulia, una adabu. Wa gari umezoea kutembea. Ukiutia kwenye friji, friji nayo itataka kutembea. Ndiyo maana friji za magarini zinatetemeka.

Ziwa: Sasa ngoja afike kwenye ule ukungu wa Salalah. Umeme unapenda maji. Utatoka ndani ya sanduku uingie kwenye ukungu, na magari yote ya mji yatawaka taa yenyewe.

Fyuzi: Hilo dogo. Wasiwasi wangu mie ni kurudi. Kwenda Salalah anaelekea kusini, umeme unateremka wenyewe. Akigeuza kurudi Muscat, umeme unapanda kinyume. Hapo ndipo friji itakapopika na jiko litakapogandisha.

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nyuma yangu bibi alikuwa kakaa kitandani, anapapasa kofia niliyoimaliza asubuhi, akizihesabu tundu zake kwa ncha ya kidole. Hakucheka. Alikuwa anamsikiliza babu tu.

Huko juu babu akachomeka pasi. Sanduku likalia piii, piii, piii, bila kunyamaza, mpaka mafundi wa gereji wakatoa vichwa nje. Akaichomoa. Akachungulia kwenye dirisha la lori, jasho linamtiririka ndevuni.

Babu: Khalas, basi. Kesho siendi na Nasriya. Ntaondoka peke yangu, nikirudi nende Matrah nikatafute inveta kubwa zaidi.

Fyuzi: Ndiyo maneno. Haraka haraka haina baraka.

Ziwa akaweka kikombe chini. Ziwa akiweka kikombe chini, ujue maneno ya Mwanza yamekwisha.

Ziwa: Marhoon, mwaka jana ulisema feni.

Babu: Mwaka jana feni sikuwa nayo.

Ziwa: Mwaka juzi ulisema godoro.

Babu: Ulitaka nimlaze juu ya mbao?

Ziwa: Sisemi hivyo, kaka. Nasema miaka inakwenda, na macho hayakusubiri inveta.

Babu akateremka. Alisimama kashika mlango wa lori, hakuja kukaa.

Babu: Nyinyi hamjui. Nlipomleta huyu mwanamke kutoka Unguja, mwaka sabini na tatu, nlimtia kwenye chumba cha bati, joto la Juni. Feni hakuna. Maji ya baridi hakuna. Nkamwambia, vumilia, Nasriya, kidogo tu. Akavumilia miaka sita, na mwana mgongoni. Hata siku moja hakunambia kachoka. Sasa nimtie tena kwenye joto la Haima, kule jangwani, nimwambie tena vumilia? Kwa uso gani?

Fyuzi alitaka kusema methali, nikaiona inamfika mdomoni, akaimeza pamoja na kahawa.

Pale ndipo alipofika Aflah, dereva mgeni kutoka Suhar, kaanza kazi juzi kwenye kampuni anayofanyia kazi babu. Alikuwa hajawahi kukaa benchini. Alisalimia, wakamsogezea nafasi, nikampelekea kikombe na sahani ya tende.

Aflah: Nimesikia gari inalia nikadhani kuna hatari.

Fyuzi: Hatari ipo, ila ni ya kitaalamu. Hapa tunaandaa umeme wa Bibi Nasriya. Anakwenda kuona khareef.

Aflah: Mashallah. Yupi mwenye gari? Wewe, ami? Naweza kupanda nikatazama? Nami nataka kuifunga hiyo inveta.

Babu: Panda, baba. Jihadhari na waya.

Aflah akapanda upande wa abiria. Sisi wa chini hatukuwa tukiona ndani, lori lile ni refu. Tulimsikia akisogezasogeza vitu. Halafu akauliza, wala hakuwa na nia ya kumkosoa mtu, aliuliza kama mtu anayeuliza choo kiko upande gani:

Aflah: Ami, kiti cha pili kina friji, imefungwa mkanda. Godoro la nyuma lina jiko la wali, feni, birika, pasi na katoni za maji. Sasa bibi mwenyewe atakaa wapi?

Fyuzi alimtazama Ziwa. Ziwa alimtazama babu. Babu akapanda upande wa pili kuangalia, kana kwamba ndani mle mlikuwa na kiti cha tatu ambacho Aflah hakukiona. Alikaa huko muda mrefu. Birika langu la kahawa lilikuwa limekwisha na hakuna aliyeomba nyingine.

Kilichoshuka kwanza kilikuwa feni. Alimpa Aflah, Aflah akampa Ziwa. Likaja jiko la wali, na pasi juu yake. Likaja birika, na Fyuzi, katika maisha yake yote ya benchi, nilimuona kwa mara ya kwanza akibeba kitu. Friji waliishusha watu watatu. Mwisho babu akaitoa inveta, akaiweka kwenye benchi, nafasi yake yeye.

Babu: Na dawa ya macho?

Aflah: Boksi la barafu, ami. Barafu inauzwa kila kituo mpaka Thumrait. Sisi mama yetu tulimbeba hivyo hivyo mpaka Salalah.

Babu akaja dirishani kwangu. Alikuwa na vumbi usoni na hakunitazama machoni.

— Mwambie bibi yako, kesho baada ya Alfajiri. Mwambie hamna feni. Hamna chai ya moto mpaka tusimame. Nguo zitakunjana. Mwambie yote hayo, usimfiche hata moja, kisha umuulize kama atakuja.

Niligeuka. Bibi alikuwa ameshasimama, mkono mmoja umeshika ukuta.

— Nimesikia, alisema. Mwambie mzigo nimeufunga tangu mwaka juzi. Kila mwaka nazitoa nguo nazifua tu, nazirudisha.

Nikamwambia babu kama alivyosema, neno kwa neno. Alivuka njia, akachukua kitambaa na ndoo ya maji, akaanza kukisugua kioo cha mbele cha lori, upande wa abiria.