Vikombe Alivyokunywa Mke Wangu

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa kunisimamisha hapa kwa miguu yangu mwenyewe. Mnivumilie. Mimi nabeba watu kwa baiskeli hapa mpakani, kutoka kizuizi cha Uganda mpaka kizuizi cha Kenya, sikuzoea kuongea mbele ya kanisa. Lakini neno hili limenikaa kooni tangu nilipougua. Jina la mtu sitataja.

Mnakumbuka, uhuru ungali mpya, watoto wengi hapa walivimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Bwana afya akasema wamekosa chakula cha kujenga mwili. Madukani ukaja unga wa makopo, sote tukauita amino. Mtoto wa jirani yangu alinyweshwa, akapona, nikamwona akicheza. Tangu hapo kila aliyevimba dawa yake ikawa ni hiyo hiyo.

Basi nikavimba mimi. Niliamka uso umejaa, macho hayafunguki, na mkojo umepungua, umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa hata kwenda chooni, kwa sababu kila nikienda naona umepungua zaidi.

Mkajaa kwangu. Desturi yetu mnaijua: kwa mgonjwa hatuendi mikono mitupu, na kilicholetwa lazima kinywewe mbele ya aliyeleta, la sivyo amedharauliwa. Kila mgeni na kopo lake. Nilikunywa vikombe vyote. Nikaanza kutapika. Halafu akili ikaanza kuniruka. Nilimuuliza mke wangu kama ng'ombe wamerudi, na nyinyi mnajua sina hata mbuzi. Akalia, akatafuta gari, akanikimbiza hospitali Tororo.

Daktari alinipima, akamwambia, "Mama, huyu si kama wale watoto. Wale walipungukiwa chakula. Huyu figo zake zimeshindwa. Amino mwili ukishaitumia inaacha takataka, na figo ndizo zinazoitoa. Sasa haitoki, inamchafua damu mpaka kichwani."

"Sasa nimpe nini?"

"Uji mwepesi, ugali wa posho, na maji kwa kipimo. Amino, nyama, maharage, hapana mpaka mimi niseme."

"Na wageni wakileta?"

Daktari akacheka kidogo. "Hiyo ni kazi yako, mama."

Hakujua amemtwika mzigo gani.

Nilirudi nyumbani bado dhaifu. Kabla sijajinyoosha vizuri kitandani, shangazi yangu akafika kutoka Mulanda. Huyo ndiye aliyenilea. Alikuja na kopo, akaomba maji moto, akakoroga kwa mkono wake. Mke wangu akasimama mlangoni pa chumba.

"Shangazi, nakuomba sana. Hatakunywa. Daktari amekataza."

"Daktari ndio alilea yeye?" shangazi akafoka. "Wewe unataka mtoto yetu afe, ubaki na baiskeli?"

Nilisikia yote. Nikinywa, nimekwisha. Nikikataa, mama aliyenilea atatoka kwangu akilia na hatarudi tena.

Mke wangu akapokea kile kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti, akakinywa chote mbele yake. Akasema, "Shangazi, kikombe chako kimenywewa katika nyumba hii. Hukudharauliwa."

Shangazi akachukua shuka lake akaondoka bila kuaga. Na kuanzia hapo kila mgeni aliyekuja na kopo, mke wangu alipiga goti akanywa yeye. Yeye ana figo nzima, akanawiri. Na maneno yakaanza, kisimani, sokoni, hata hapa nje ya kanisa: mume anakonda, mke ananenepa kwa chakula cha mgonjwa. Aliyasikia. Alikuwa anarudi na mtungi, anajifuta macho, anakuja kunipimia maji yangu.

Polepole mkojo ukarudi, uvimbe ukashuka. Nilipovuliwa shati nilikuwa mifupa. Hapo daktari akasema, "Sasa mpe yai. Akilivumilia, mpe na amino, kijiko kimoja." Kwa hicho kijiko, na baadaye viwili, nyama ikarudi mapajani, nikapanda tena baiskeli. Kwa hiyo sisemi amino ni mbaya. Ni chakula kizuri, ila mgonjwa na mgonjwa si sawa. Muulizeni daktari kwanza, ndipo mkoroge.

Namshukuru yule daktari. Nawashukuru na nyinyi mlioleta makopo, maana mlinipenda, hilo naliamini. Lakini kuna mtu hajashukuriwa na yeyote. Amekaa kule nyuma, benchi zima peke yake. Angejali jina lake kuliko uhai wangu, mngekuwa mmeshanizika.

Mama watoto, simama wakuone.

Na shangazi, nimekuona umekuja. Nakuomba simama na wewe, uende kwake, umsalimie.