Nafasi ya Jina Moja

Ndani ya basi, bibi mshonaji alikaa nyuma ya binti na kijana waliokuwa wakitazama simu moja. Kwenye skrini kulikuwa na mchezo: chombo cha angani kilichochorwa kwa nukta kubwa kilipiga vimondo. Bibi alikiona kama tarizi ya mwanafunzi.

"Kitufe kimoja, kinapiga na kugeuka papo hapo," binti alisema. "Wazo lako hilo, ndugu yangu."

"Langu? Mbona mwishoni kuna jina lako peke yako?"

"Shindano la kutengeneza michezo lilikuwa la siku mbili, na mstari wa majina ulibeba herufi nane tu. Majina mawili hayakuenea."

"Vimondo arobaini vimeenea. Jina langu ndilo nene?"

Bibi alibana kicheko, kisha akajuta, maana kijana hakuwa akitania.

"Mama yangu alihangaika wiki nzima kuumaliza mchezo, ili aone jina la mwanawe. Akaniuliza, 'Si ulisema umeutengeneza wewe?' Tangu siku hiyo nikimwambia neno, hunitazama usoni kwanza."

"Nisamehe. Nitaliweka leo leo."

"Mama ameshaufuta."

Bibi alikumbuka kitendawili anachowategea wajukuu: kitu ni chako, lakini wengine wanakitumia kuliko wewe. Wakijibu "jina" hucheka. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kulililia.

Basi liliposimama, kijana alishuka bila kuaga. Binti akachungulia dirishani, akamwita kwa sauti jina lake lote, la kwake, la baba na la babu.

Kituo kizima kiligeuka, isipokuwa yeye.