Dereva wa Laptopu ya Mzee Soli

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Mzee Soli, fundi viatu, na anayetaka kuviona vichwa vya mtaa huu aje jua likipoa. Yupo Breki, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukagoma. Yupo Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja, mwenye birika la kahawa na waifai ya saluni yake hapo jirani. Na nipo mimi, Injinia. Shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha. Siku hiyo laptopu ya Mzee Soli ilikuwa mapajani mwangu, imezubaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Ilikuwa inagandaganda, nikaifuta yote asubuhi na kuiwekea mfumo mpya. Ikawa nyepesi, inapendeza, ila waifai haiioni, hata hiyo ya Kipara iliyo nyuma ya ukuta.

Na si laptopu ya kuchezea karata. Binti wa Mzee Soli ni kiziwi, anafanya kazi mbali, na kila Ijumaa baba na mwana huongea kwa mikono kwenye skrini. Simu ya mzee ni ya vitufe, na kusoma kwenyewe anabahatisha. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kesho yake binti alikuwa anafanyiwa operesheni ya macho. Akishafungwa bandeji, hakuna wa kuongea naye mpaka zitoke.

— Kimekosekana nini hasa? Mzee Soli aliuliza, sindano mkononi.

— Dereva.

Breki akashusha kikombe. Nikamweleza, kwa upole anaostahili mtu mzima, kwamba dereva ni kiprogramu kinachoifundisha laptopu kukitumia kidude cha waifai kilicho ndani yake. Nilipoifuta, na yeye akaenda.

— Kwa hiyo umemfukuza dereva, halafu unashangaa gari haliendi.

Kipara alicheka mpaka kahawa ikampalia. Yeye alikuwa na lake: waifai yake imechoka kuazimwa, imesusa. Halafu akazidisha, akasema ukuta wa saluni umepakwa rangi ya mafuta, mawimbi yanateleza. Breki akadai mashine ikifutwa kumbukumbu huogopa watu, kama yeye alipozinduka baada ya ajali. Tukae nayo kimya izoee. Kimya chenyewe alikivunja yeye. Niliwaacha waseme. Mwenzenu jasho lilikuwa linanitoka.

— Si ukamchukue huyo dereva, mwanangu, akasema Mzee Soli.

— Yuko mtandaoni, baba.

— Na huko mtandaoni unafikaje?

— Kwa dereva.

Akaacha kushona. Aliitazama laptopu, kisha akaanza kukunja na kukunjua vidole, taratibu, kama vinamuuma.

— Mimi nilipovunjika mkono safarini, akasema Breki, lori halikulala porini. Lilivutwa na lenzake kwa kamba.

Nilifungua mdomo nimcheke, nikaufunga. Nikaomba waya wa kuchajia wa Kipara, nikaunganisha simu yangu, ambayo kamera yake ilishakufa, na laptopu, nikairuhusu simu igawe kupitia waya kibando changu kisichotosha video. Laptopu ikapata mtandao wa kuvutwa. Nikaenda kwenye tovuti ya waliotengeneza mashine, nikamtafuta dereva kwa namba ya modeli iliyoandikwa tumboni mwa laptopu, nikampakua, nikamweka, nikaizima laptopu na kuiwasha. Waifai ya Kipara ikajitokeza juu kabisa.

— Shukuru kamba, akasema Breki.

Nikamwambia wazo hilo nilikuwa nalo tangu asubuhi.

Nikapiga simu ya video, binti akatokea kwenye skrini. Mikono ya Mzee Soli, ile yenye gundi na makovu ya sindano, ikawa mingine kabisa. Ilipanda, ikashuka, ikagusa kifua, ikamkemea, ikambembeleza. Waliongea mpaka taa za saluni zikawashwa, nasi tumekaa kimya bila kuambiwa, jambo ambalo benchi lile halijawahi kuliona. Kisha binti akachungulia nyuma ya bega la babake, akatuona, akacheka, mikono yake ikauliza kitu.

— Anasemaje? Kipara akanong'ona.

— Anawasalimu. Anasema kila Ijumaa anawaona hapo nyuma yangu, midomo haitulii. Anauliza, huwa mnabishana nini?

Kipara alimtazama Breki. Breki akanitazama mimi, Injinia. Nikalitikisa birika, tupu. Mzee Soli alikuwa bado ameinua mikono, anasubiri tumpe la kusema.