Mfungo wa Mwoka Mikate

Mwoka mikate hakuzoea kuwamwagia abiria yaliyo moyoni, lakini mama aliyeketi naye kwenye basi alikuwa amemsalimu "Bwana asifiwe," na hilo lilitosha.

"Mama, nimetoka zamu ya usiku, na bosi ameniita nirudi kiwandani. Huenda leo nikarudi nyumbani sina kazi."

"Umeiba?"

"Afadhali ningeiba, ningeeleweka. Nilifunga."

Kiwandani watu walikuwa wakipunguzwa, akaeleza, naye akafunga na kuomba ili Yesu amlinde. Kwa kuwa mfungo ni mfungo, hakuonja hata unga aliokanda, ingawa kuonja ndiyo kazi yake. Mikate yote ya alfajiri hiyo ikaenda madukani imeumuka vizuri, haina chumvi hata chembe.

"Kwa hiyo Mungu ndiye aliyesahau chumvi?"

"Ni mimi, mama. Ila nilisahau katika hali ya utakatifu."

"Nidhamu ya tumbo unayo, baba. Ya kichwa bado. Si ungeonja ukatema?"

"Nikionja nikatema, hapo bado nimefunga?"

"Hilo kamuulize mchungaji wako." Mama alifungua mkoba, akatoa nusu mkate. Mwoka mikate aliitambua kazi ya mikono yake, akatamani kiti kimmeze. "Daktari amemkataza mume wangu chumvi. Tangu hapo mkate kwake ni wa kuutazama tu. Leo amekula huu mpaka akaniomba nimwongeze."

Basi likasimama mbele ya kiwanda.

"Haya, shuka, bosi anakungoja," mama alisema, akimpisha. "Ila niambie kwanza, baba: kesho unafunga tena?"